Siri ya Jikoni kwa Bibi

Juzi nimepita mjini Natta, nikakuta picha yake imebandikwa kwenye ukuta wa duka. Suti, tabasamu, na chini maandishi makubwa: Mtetezi wa Wanyonge. Ndugu yangu, nilitema mate pale pale barabarani. Mwenye duka akanitazama. Na atazame.

Maana huyo mheshimiwa namjua kabla hajawa mheshimiwa. Alikuwa wakili kijana, mtoto wa huku huku, akija kwetu kwa baiskeli wakati wa kiangazi, sisi watoto tukichunga ndama kando ya mto na kurudi jioni miguu myeupe kwa vumbi. Bibi alimmiminia maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, akamwekea ugali wa mtama. "Kula kwanza, mura, kesi haikimbii." Mura ni kijana, na kweli alikula kama kijana wa nyumbani, akilamba vidole. Harufu ya ule moshi kwenye maziwa niliipenda sana. Hiyo nayo ameniharibia.

Kesi ilikuwa ya boma letu. Serikali ilitaka kusogeza mpaka wa pori la wanyama hadi mtoni, nyumba zetu na malisho yote yaende. Siku moja Bibi akamweleza jambo ambalo wazee hawakupenda kulitaja: mwaka wa njaa tulihama sote, boma likabaki tupu, tukarudi mvua iliponyesha. Mimi nilikuwa nachochea moto, nikasikia kila neno. Wakili akaacha kutafuna.

"Mama, hilo liishie hapa jikoni. Wakilijua, watasema mlihama wenyewe."

"Na wewe je?"

"Siri ya mteja haitoki kinywani mwangu."

Mahakamani hakuna aliyeuliza, na Bibi hakusema. Tukashinda. Fahali akachinjwa, na yule bwana alipogombea ubunge Bibi alimwombea kura mlango kwa mlango, na miguu yake ikiuma hivyo hivyo. Mwalimu wetu, mtu wa kutoka Tanga, akawa anatuambia tusome tuwe kama mbunge wetu. Nami nikasoma kwa bidii nikitaka kuwa kama huyo mbunge. Nikikumbuka naona kinyaa.

Miaka ikapita, ule mpaka ukafufuliwa, safari hii bungeni. Tulijaa uani kwa jirani mwenye redio kubwa, tukisubiri mtu wetu atusemee. Akasimama, sauti ile ile ya jikoni.

"Mheshimiwa Spika, wale si wakazi wa asili. Wazee wenyewe waliniambia kwa vinywa vyao kwamba walihama, wakarudi. Ni wavamizi."

Jirani akazima redio. Watu wote wakamgeukia Bibi, maana kulaani alikuwa anajua. Hakulaani. Alisema tu, "Nilimlisha," akachukua fimbo yake akaenda kufunga ndama. Kabla ya masika tulihamishwa, ng'ombe mbele, mabati yetu juu ya trekta.

Bibi alituachia wosia mmoja: alazwe ubavuni mwa babu, kwenye boma la zamani. Tukakataliwa. Kwenye pori la wanyama hakuzikwi mtu, walisema. Tukamzika kwenye kiwanja tulichopewa, udongo wenyewe mawe matupu, na mheshimiwa akaja na turubai, vipaza sauti na magunia ya mchele. Akashika kipaza akasema huyu ndiye mama aliyemlea, amekula mikononi mwake. Watu wakapiga makofi, msibani. Sahani yangu ya wali niliimwagia kuku.

Wanangu hawajui kuchunga ndama, na mto ule wanauona kwenye picha za watalii. Nisiwalaumu, wangeujulia wapi? Babu amebaki kule peke yake. Kila mwaka nikienda kupalilia kaburi lake lazima niombe kibali, na kijana wa getini, ambaye wala hana kosa, huniuliza nimekuja kuona wanyama gani.