Mutoto wa Kuazima

Majina ya wote tuliosoma pamoja ninayo kichwani, hata ya mama zao. Sitayaandika, maana wengine wana wajukuu wasiopenda kusomwa. Mwenye habari hii nitamwita mwenzangu tu.

Ilikuwa miaka ile ya kwanza ya uhuru. Wazungu wengi wa hospitali walikuwa wameondoka, lakini huku Masisi wanawake hawakuacha kuzaa kwa sababu hiyo. Basi sista mmoja wa misioni akakusanya wasichana na wamama wanaojua kusoma kidogo, akatufundisha kazi ya kuzalisha. Mimi masomo niliyaacha mapema, nikaolewa, nikazaa. Nilikuja darasani na binti yangu mgongoni. Mwenzangu alikuwa msichana wa Mushaki, hajaolewa, Kifaransa anacho. Kitu sista akikisema mara moja, yeye alinieleza upya kwa Kiswahili mpaka kiingie. Bila yeye nisingejua hata mtoto anageukaje tumboni.

Mwisho wa masomo kulikuwa na nafasi moja ya kuendelea kwenye shule kubwa ya mjini. Wa kwanza ndiye angeichukua. Wengine tungetumwa kwenye dispanseri za vijijini. Kwa ajili ya nafasi ile mwenzangu alikuwa amekataa mchumba, na baba yake amekubali kurudisha mbuzi za watu.

Sista alipenda haki. Hakutaka wenye Kifaransa wamalize kila kitu kwa kuandika, kwa hiyo pointi nyingi akaziweka kwenye kazi ya mikono: kila mtoto uliyempokea wewe mwenyewe alikuletea pointi. Sote tuliona ni vizuri. Hakuna aliyekumbuka kwamba mama anayezaa naye ana mdomo.

Siku ya kwanza wodini, mwenzangu akasogea kwenye kitanda cha kwanza, amenawa, vitu vyake tayari. Mama aliyelala hapo akamtazama kifua.

"Wewe umezaa wangapi?"

"Bado, mama."

"Sasa utanishika na nini? Muniitie ule mwenye mutoto mugongoni."

Mwenye mutoto ni mimi. Ikawa hivyo kila mara. Niliitwa nikiwa nakula, niliitwa nikiwa nafua. Yeye alibaki kuchemsha maji.

Asubuhi moja akanijia. "Dada, niazime mutoto."

"Wa nini?"

"Nimubebe. Kumeingia mama wa kutoka msituni, Walikale. Hajui hata mumoja wetu."

Nilicheka, kisha nikamfunga binti yangu mgongoni mwake kwa kitenge changu mwenyewe. Na kweli, yule mama wa Walikale alimpokea vizuri, akamshika mkono, akamwita mama. Mwenzangu alifanya kazi safi. Nilikuwa mlangoni nikiona. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimeshaonekana wakati binti yangu alipoamka akaanza kulia njaa.

Yule mama, katikati ya uchungu wake, akamwambia: "Ee mama, mutoto wako analia. Si umupe ziwa?"

Mwenzangu akainamia kazi yake. Binti yangu akazidi kulia. Vitanda vyote vikageuka.

"Hana maziwa!" mmoja akapiga kelele. "Ameazima mutoto kama vile watu wanaazima sufuria!"

Walicheka mpaka na yule anayezaa akacheka, na mtoto wake akatoka katika kicheko kile, mzima, mikononi mwa mwenzangu. Lakini sista alisikia. Mtoto yule hakumhesabia, na pointi za mwenendo akamkata kwa kudanganya wagonjwa.

Siku ya kusomewa matokeo tulisimamishwa mbele ya wazazi na padri, tukatajwa kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, kama ilivyo desturi ya shule zetu. Wa kwanza nilikuwa mimi. Wa mwisho alikuwa yeye. Baba yake alivaa kofia akaondoka, makofi bado yanapigwa.

Nikamfuata sista. "Mimi niko na bwana, niko na shamba ya maharagi. Nafasi yangu mupatie huyu."

"Nafasi si ya kuazimana," akasema. "Inashuka kwa wa pili."

Wa pili alikuwa mama mtu mzima, watoto wake wamekomaa, imla inamtoa jasho. Akaenda yeye mjini. Mwenzangu akatumwa kwenye dispanseri ya Pinga.

Wale wamama siwalaumu hata leo. Mtu aliye katika uchungu ana haki ya kushika mkono anaouamini. Lakini kuaminiwa ni kitu kimoja na kujua ni kingine, na sista alivihesabu kwa pamoja.

Baadaye sana mwenzangu alipita kwangu, akienda Mushaki kuwaonyesha wazazi mtoto wake wa kwanza. Nikamuuliza habari za kazi.

"Mwanzoni wamama wa kule walizalia kwao majumbani, mimi nakaa na maji yangu ya moto. Nikaolewa, nikazaa huyu. Kitovu hakijaanguka, tayari wananipigia hodi." Akanitazama. "Dada, siku ile ya kuzaa, nilijifunza nini ya kazi ambayo jana yake sikujua?"

"Ulijifunza uchungu."

"Uchungu, sawa. Lakini mikono iko ile ile."

Mtoto akaanza kulia, nami kwa mazoea nikanyoosha mikono nimpokee. Akamvuta kwake, akafungua blauzi.

"Acha," akasema. "Huyu, maziwa yake niko nayo."