Msituni Hatuiti Mtu

Mzee niliyekuwa nikimhudumia kule Ixelles, Ubelgiji, alikuwa Mwairishi wa miaka themanini na minne, na alikuwa na ugonjwa mmoja ambao daktari hakuuandika popote: misitu ya kwao. Nikimwogesha, misitu. Nikimpa supu, misitu. Tulizungumza Kifaransa, yeye cha ofisini, mimi cha Bukavu, na kwa lugha hiyo ya kuazima alinisimulia kaunti ya Leitrim, ambako mialoni hupinda kwa unyevu, kangaga huota juu ya matawi, na mwezi wa tano maua ya buluu hufunika ardhi mpaka ukose pa kukanyaga. Nilimwita Papa, kama sisi Wakongo tunavyomwita mzee yeyote, naye alipenda.

"Nipeleke msitu wa Soignes," aliniomba tangu majira ya baridi. "Si wa kwetu, lakini angalau ni miti."

Nilimpa visingizio. Mvua. Goti lake. Tramu zimegoma, na wakati mwingine zilikuwa zimegoma kweli. Sababu yenyewe sikumwambia: naogopa misitu. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nilipokuwa na miaka tisa tulikimbia vita, tukaishi msituni karibu wiki tatu tukijificha askari, na mama alitupa sheria moja tu.

"Mu pori habaite muntu," alitunong'oneza. "Ukiita mutoto yako, basoda nabo batasikia."

Siku moja baba alituacha chini ya jabali akaenda kutafuta maji. Hakurudi. Tulimsubiri, tukamtafuta kimya kimya siku mbili, kisha tukaendelea na safari.

Mwezi wa tano visingizio viliniishia. Tukapanda tramu, yeye na fimbo yake, mimi na mkoba wenye dawa yake ya moyo ya saa kumi. Msituni alianza kulalamika mara moja. Miti ya Wabelgiji imenyooka mno, alisema, imepangwa kama watu wanaosubiri basi. Kwao mti humea unavyotaka. Nilitabasamu bila kusikiliza. Nilikuwa nahesabu njia: tumepinda kulia mara mbili, kushoto mara moja.

Akakumbuka kwamba ameacha kofia kwenye benchi tulilopumzikia. "Nenda, mimi nakungoja papa hapa." Nilienda, nikarudi. Sidhani kama zilipita dakika tano. Pale nilipomwacha hapakuwa na mtu.

Simu yake ilikuwa mezani Ixelles. Niliiona tulipokuwa tunatoka, nikaipuuza, na sasa nilijitukana kwa hilo. Nilifuata njia ya kwanza, nikachungulia nyuma ya kila shina. Nikarudi, nikafuata ya pili. Nilijiona nimesimama mbele ya binti yake nikieleza jinsi mtu mwenye fimbo anavyoweza kunitoroka. Mwanamke mmoja alipita na mbwa, nikamuuliza kwa sauti ndogo mno hata akalazimika kusogea karibu. Hakumwona. Saa ilikuwa imekaribia kumi. Jasho lilinitoka, na bado nilikuwa naruka vijiti vikavu, nisije nikavivunja.

Hapo ndipo nilipojishtukia. Mwanamke mzima, mwenye kitambulisho cha Ubelgiji na tikiti ya tramu mfukoni, ananyata msituni ili asisikike na nani? Nusu saa nilikuwa nimemtafuta mtu bila kumwita hata mara moja.

Nilifungua kinywa, sauti ikagoma. Nilijaribu tena, ikatoka kama kikohozi. Mara ya tatu nilipiga kelele mpaka ndege wakaruka.

"Papa! Papa!"

"Niko hapa," alijibu mara moja.

Alikuwa nyuma ya gogo lililoanguka, amekaa mtaroni. Alikuwa ameona kangaga, akataka kuligusa, akateleza, akashindwa kuinuka. Suruali imejaa matope, uso umejaa furaha. Nilimpa dawa, nikamgombeza kama mtoto.

"Kwa nini hukuniita wewe?"

"Nilisikia kitu kinapita taratibu, mara mbili," alisema. "Nikadhani ni paa, nikanyamaza nisimtishe. Mtu anayetafuta mtu huita, sivyo?"

Nilimfuta matope, nikamvalisha kofia yake, tukarudi polepole mpaka kituoni.

Jioni nilipita kwa mama, Schaerbeek. Alikuwa jikoni anapika maharagwe, nami nikamsimulia nikichekacheka, kwa sababu hatari ilikuwa imepita na nilitaka tucheke wote. Nilipofika pale nilipopiga kelele, aliweka mwiko chini.

"Ulimuita? Na nguvu?"

"Na nguvu, maman. Akaitika palepale."

"Alikuwaka mbali?"

Ningeweza kudanganya. Hata leo najuta kwamba sikudanganya.

"Hapana. Hatua kama vingt, ishirini tu."

Mama alinitazama, kisha akautazama mlango, kana kwamba mtu amebisha. Alizima jiko, ingawa maharagwe yalikuwa bado magumu.

"Na papa yako," alisema, "pengine na yeye alikuwa anangoja tumuite."