Mkeka wa Kondoo na Meli

"Mjukuu wangu alale juu ya kondoo?"

"Kondoo ni ukili mmoja tu, wifi, huo mpana wa katikati. Unaofuata ni meli."

"Meli! Na huu mwekundu?"

"Huo jua. Na huo wa zambarau ubavuni mwake ni mtoto wa kiume, inshallah."

Nikashika kiuno. Mwanawema huyu ni dada wa marehemu mume wangu, na Mgogoni nzima hakuna wa kumshinda kwa kusuka ukili, ile mishipi ya ukindu inayoshonwa pamoja ikawa mkeka. Ukindu ukimwona anakuja hujichana wenyewe. Mwaka mmoja alinogewa na hadithi zangu, akasuka wee, bila kukata, mpaka ncha ya ukili ikatoka mlangoni, ikateremka bondeni, ikafika pwani, na Mkojani mmoja, mvuvi wa kisiwa cha Kojani, akaja akafungia ngalawa yake. Nimeona kwa macho yangu. Anayebisha hakuwepo.

Basi mkeka wa harusi ya mjukuu wangu Moza ningempa nani mwengine? Na mkeka wa harusi kwetu una mambo yake. Kabla ya ndoa, mama wa bwana harusi huja kuutazama. Akivua viatu akaukalia, kaupokea mkeka na mwari wake. Akisimama pembeni akasema, "Haya, tutazungumza," basi tena, posa inarudi ilikotoka. Na mama huyo, Bi Mwatum wa Kojani, tulikuwa tukimngojea asubuhi ile ile. Mimi nilikuja kwa Mwanawema kuutazama mkeka nifurahi, nikakuta kila ukili na kabila lake.

"Mkeka wa harusi hufanana mwanzo mpaka mwisho," nikamwambia. "Huu kama baraza la mashtaka, kila mtu kaja na lake!"

Sasa kondoo kaingiaje mkekani? Ilianza mjini Chake, dukani kwa Haridas, ambako Mwanawema alikuwa akinunua rangi na kuuza mikeka yake. Wake wa Kizungu walikuwa wakija pale. Mmoja anaupapasa mkeka, anamwambia mwenziwe neno, wanacheka, kisha wananunua, au hawanunui. Mwanawema akawa halali. Wanasema nini juu ya kazi ya mikono yangu? Akimuuliza Haridas, jibu lake ni moja: "Wamependa sana." Hata wale walioondoka mikono mitupu, wamependa sana!

Akamwendea Savitaben, mke wa Haridas, aliyesoma Kiingereza Mombasa, amfundishe. Darasa likawa kizingitini, baina ya gunia la mchele na pipa la mafuta ya taa.

"Kondoo mvute, Mwanawema," Savitaben akimwambia. "Shiiip. Lakini meli usiivute. Ship!"

"Shiiip," anasema Mwanawema.

"Huyo kondoo. Sema meli."

"Shiiip."

"Basi abiria wote umewapandisha juu ya kondoo."

Mwanawema hakujua kuandika, wala mimi usiniangalie. Akirudi nyumbani neno lishamtoka. Ndipo akaanza kuyasuka maneno. Kondoo anavutwa, kwa hiyo akamsuka ukili mpana. Meli haivutwi, akaisuka mwembamba. Kidole kikipita juu yake, ulimi unajua urefu wa kwenda. Hapo nilimsifu, sisemi uongo.

Balaa likaja kwenye maneno yasiyotofautiana hata kidogo. Savitaben akamwambia jua ni san, na mtoto wa kiume ni san.

"Yupi anavutwa?"

"Hakuna. Wote sawasawa."

"Wanajuaje basi nani kazaliwa na nani kachomoza?"

Na bahari ni sii, na kuona ni sii. Nywele ni hea na sungura ni hea, jina moja! Mimi nikamwambia, wifi, Wazungu hawa maneno yaliwaishia zamani, ndiyo maana wakapanda meli kuja huku, na karafuu ni kisingizio tu. Lakini Mwanawema hakukata tamaa. Maneno ya sauti moja akayasuka upana mmoja, akayatenga kwa rangi: jua jekundu, mtoto zambarau. Bahari kijani, kuona manjano.

Akenda Chake akajibanza nyuma ya gunia. Akaja mke wa Kizungu, akapapasa mkeka, akasema maneno mengi kama mvua ya masika, na ndani yake Mwanawema akadaka moja: sii! Alirudi kwa furaha kama katoka Makka. Mpaka leo hajui yule mama kauona mkeka au kaikumbuka bahari.

Ndipo watu wa Kojani wakataka harusi iharakishwe, isije ikagongana na uchumaji wa karafuu. Rangi imekwisha, ukindu haujakauka, na ndani pana makoja, mizingo ya ukili wa Kiingereza, yananing'inia. Mwanawema akayashusha, akashona mkeka.

"Ukili ni ukili," akaniambia, sindano haisimami. Alikuwa kautandaza pale pale mlangoni penye mwanga, akitia taraza, ule mshono wa ukingoni.

"Ukunje! Tutamwambia Bi Mwatum panya wameula."

"Uutukane mkeka wangu kwa panya? Sikunji. Taraza haijesha."

"Wenzetu mwaka huu wanagombana kwa siasa, mimi nitavunjiwa harusi kwa kondoo!"

"Bibi," Moza akaita kutoka chumbani alikofichwa kama mwari, na sauti yake si ya mchezo, "mkeka ukikataliwa, mimi nitakaa hapa na nani?"

"Nyamaza, mwari hasemi!" Lakini moyo ulinipasuka, kwa kuwa alimpenda yule kijana wa Bi Mwatum na mimi nilijua. Nikashika pembe ya mkeka nivute. Mwanawema akakamata pembe ya pili.

"Achia, Mwanawema!"

"Achia wewe, utanikatia bahari!"

"Na huyo mama akisimama pembeni, utamwambia nini? Utamwambia sii? Utam..."

"Hodi jamani, hodi!"

Bi Mwatum alikuwa mlangoni. Kavuka maji alfajiri, kisha njia yote kwa miguu, vilima vyote vya Pemba, na mwili wake Mungu kaujaalia. Jasho linamtoka, pumzi hana, salamu yenyewe imekatika katikati. Hakutazama kulia wala kushoto. Akavua makubadhi, akajishusha taratibu, puu! Katikati ya mkeka.

Chumbani nikasikia Moza akicheka ndani ya kanga.

Bi Mwatum akashusha pumzi. Ndipo kiganja chake kikaanza kupapasa ukili alioukalia, ule wa kondoo, kikaenda, kikarudi, kikasimama.

"Huu mpana hivi," akauliza, "una maana gani?"

Mwanawema akafungua kinywa. Nikamfinya paja.