Mji wa Watu Watano

Mwezi uliopita nilipiga picha ya kibao, wenyewe wakanishukuru, nami nikazunguka nyuma ya gari nikatema mate. Kibao chenyewe kikubwa kama mlango wa gereji, kimesimamishwa kwenye uwanda mkavu, mwendo wa saa nne kutoka Riyadh. Kimeandikwa historia ya mji wa kina bosi: mababu mashujaa, visima vya baraka, wakaazi wanaoupenda mji wao. Ati wanaupenda! Nilipoanza kwenda huko mji ulikuwa na watu watano. Siku ya kupiga picha walikuwa watatu, na mwenyeji hakuna hata mmoja.

Mimi ni dereva, mtu wa Mombasa. Miaka sita nilimwendesha bosi wa mtaa wa Al-Suwaidi, Riyadh, na kila wiki mbili alinituma huko kwao nimpelekee mama yake dawa na unga. Watu watano nawajua kwa vidole: huyo bibi, mama mmoja wa Kitui aliyekuwa akimtunza, Mbangladeshi wa msikitini aliyeadhini, akaswali na kufagia peke yake, Msudani wa ngamia, na Myemeni wa duka. Nyumba za udongo zilikuwa zaidi ya mia, paa zimeanguka ndani, na paka wengi kuliko watu.

Msimu wa baridi ukoo ulikuwa unashuka na mahema yao kupunga upepo. Wallahi, sijaona uchafu kama ule. Kondoo mzima juu ya sinia la wali anadonolewa kidogo kisha anamwagwa mchangani. Nepi za watoto zinatupwa kisimani, kisima kile kile wanachokisifu kwenye kibao. Jumamosi wanaondoka, sisi tunabaki kuokota. Nimeteremka kile kisima kwa kamba kutoa nepi zao, na hadi leo nikiikumbuka ile harufu chakula hakipiti. Mama yao walimbusu kipaji cha uso, wakapiga naye picha, halafu wakaenda kula mbali naye kwa sababu nyumba yake, ati, ina vumbi.

Historia ya mji niliipata kwa yule mama wa Kitui, maana alikaa na bibi miaka kumi na tisa na Kiarabu chote alijifunza mdomoni mwake. Tukipakua unga alikuwa akinionyesha magofu kwa kidole. Hapa palikuwa soko la Alhamisi. Hawa walihama kisima kilipokauka. Hawa walifuata kazi za mafuta wakaapa watarudi. Ile ilikuwa shule, ilifungwa walipobaki watoto wawili.

"Na huyu bibi kwa nini hakuhama?" nilimuuliza siku moja.

Akanipeleka kwenye ukuta wa makaburi. Najua mtu wa kwetu ukimwambia kaburi anatafuta jina. Kule hakuna jina, hakuna tarehe, ni jiwe tu limesimamishwa, na mjuaji ni yule aliyezika. Mama akaniambia bibi alizaa binti kabla ya wanawe wote. Surua ikamchukua hata hajafika miaka mitatu. Hakutajwa tena nyumbani, lakini kila Alhamisi bibi alikuja kusimama nje ya ukuta huo akamsalimia. Alikuwa anakaa pale mjini kwa ajili yake, basi.

"Hesabu, kaka," akasema. "Kutoka pale ukuta ulipobomoka, mawe saba. La nane ni lile jeupe. Hapo kando yake ameacha nafasi yake yeye mwenyewe. Ameniapisha nihakikishe. Lakini mimi ni mwanamke, tena Mkristo, mazishini siwezi kuingia. Wewe ni Muislamu, utaingia na wanaume. Niapie."

Nikamwapia. Nilitaja jina la Mungu, mkono kifuani, nikijiona mwanaume wa kutegemewa.

Bibi alifariki asubuhi moja ya joto kali. Bosi na ndugu zake wa Riyadh tukaenda nao mbio, na mdogo wao anayekaa Al-Rawdah, Jeddah, akaja kwa ndege kisha kwa gari. Tulipofika makaburini nikakuta kaburi limeshachimbwa, hapo hapo langoni. Huyo wa Jeddah alikuwa ameagiza kwa simu lichimbwe karibu, magari yasizame mchangani. Mtoto anamchagulia mama yake kaburi kwa kuangalia pa kuegesha gari!

Nikamsogelea bosi. "Baba, samahani. Bibi alitaka alazwe kule, ubavuni mwa binti yake."

Akanitazama kama nimetapika viatuni mwake. "Binti gani? Mama yangu hakuzaa binti."

"Alizaa, baba. Alikufa mdogo. Jiwe lake lile jeupe."

"Nani kakwambia?"

"Yule mama aliyekuwa akimtunza."

"Shagala?" Ndivyo wanavyomwita mtumishi wa ndani. Akawageukia ndugu zake, akawaambia, nao wakacheka puani, jeneza la mama yao likiwa mabegani mwao. "Shagala ndiye anatufundisha ukoo wetu. Halas, imetosha, yalla twendeni, jua kali."

Hapo ndipo ningesema tena. Ningesema, mwiteni aulizwe, yuko hapo nje ya ukuta, hatua hamsini. Au ningelala ndani ya lile shimo la langoni wanitoe kwa nguvu. Lakini likizo yangu ilikuwa baada ya wiki mbili, na ruhusa ya kutoka nchini, ambayo bosi ndiye huitoa, alikuwa hajaibonyeza kwenye simu yake. Mama yangu mzazi alikuwa ananingoja Mombasa. Nikafyata mkia. Nikachota mchanga mara tatu kama wengine, nikautupa. Kutoka hapo hadi jiwe jeupe ni mwendo wa kuvuka barabara.

Nilipotoka, mama wa Kitui alikuwa amesimama mahali pake pa Alhamisi, upande wa pili, ambako lango halionekani. Ameshika chupa ya maji aliyoniwekea.

"Umemlaza pale?"

"Nimemlaza."

"Kando ya jiwe jeupe?"

"Kando yake kabisa, mama."

Akakaa chini mchangani, akalia kwa sauti, akimshukuru Mungu wake, akinishukuru mimi, akinishika mkono ule ule uliotupa mchanga. Akasema sasa anaweza kwenda kwao. Siku ya tisa nilimpeleka uwanja wa ndege mwenyewe. Siku hizi Alhamisi hunitumia ujumbe wa sauti kutoka Kitui: ukipita huko, nisalimie wote wawili.

Baada ya likizo nilihamishiwa Jeddah kwa yule mdogo. Mwaka huu akashikwa na wazimu wa kutafuta asili yao. Kila mwenye pesa siku hizi anataka kijiji cha babu yake kiwe na kibao. Wakakaa sebuleni Al-Rawdah, yeye na kaka zake, wanaume wazima wanne, wakashindwa kutaja hata soko lilikuwa siku gani. Wakaulizana, wakagombana, wakaagiza kahawa nyingine. Mwishowe akaniita.

"Yule shagala wa mama, mama alikuwa akimsimulia mambo. Una nambari yake? Mpigie, weka sauti kubwa, atueleze. Na lile jambo la mtoto tumuulize, pengine lina ukweli."

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Ujumbe wake wa Alhamisi ulikuwa bado sijaufungua. Soko, kisima, shule, waliohama na mwaka waliohama, vyote alikuwa navyo kichwani, tena angefurahi. Na angewaambia pia, kwa furaha hiyo hiyo, kwamba mama yao amelala kando ya jiwe jeupe, dereva wenu ndiye aliyemlaza, muulizeni.

"Nambari yake sina, baba," nikasema. "Alibadilisha laini."

Basi wakajitungia. Kibao kinasema bibi aliishi mjini akizungukwa na watoto wake, wana wanne. Binti hayumo. Niliwapiga picha wakitabasamu mbele ya kibao, wakaniambia niipige tena, jua lilikuwa limewaingia machoni, nami nikaipiga.