Springi za Lori kwa Kitanda cha Mama

Mama yangu aliteleza bafuni kwake Muheza, akakaa sakafuni tangu alfajiri mpaka jirani alipokuja kuomba chumvi. Hakuvunjika popote. Lakini nilipopata habari nilimpigia simu nikamwambia safari hii sisikilizi tena visingizio: anahamia kwangu Lushoto. Akasema, "Nitakuja. Na kitanda changu."

Kitanda chenyewe ni cha mvule, kipana kama jukwaa, na miguu yake ni minene kuliko yangu. Fundi aliyekitengeneza, ambaye ni marehemu siku nyingi, alikiunganisha kwa gundi na vigingi vya mti. Hakina msumari wala skrubu, kwa hiyo hakifunguki. Kukitenganisha ni kukikata kwa msumeno. Nilipolitamka neno msumeno, Mama alikata simu.

Ningeweza kukodi lori dogo. Lakini shemeji yangu Hoza, kaka wa mke wangu, ana gereji yake karibu na stendi ya Lushoto, na aliposikia habari ya lori aliudhika kama nimemtukania ukoo.

"Lori la nini, shemeji, na wewe una pikapu? Niachie gari. Nitaliimarisha livute tela mpaka Zambia."

"Mimi nakwenda Muheza tu."

"Muheza ni mwanzo."

Pikapu yangu ni kuukuu, naitumia kubebea karoti na kabichi, na nikiijaza, nyuma inalalia matairi. Hoza aling'oa springi zote za nyuma akafunga za lori lililokufa, akaweka shokapu nene kama mitungi, akachomelea ndoano ya kuvutia tela. Nilipokwenda kulichukua gari sikulitambua. Nyuma limenyanyuka hewani, pua imeinama hadi karibu na ardhi. Jirani yangu mmoja aliyekuwa anatoka msikitini alisimama akalitazama kwa heshima.

"Baba Salma," akaniuliza, "gari lako limesujudu?"

"Likipata mzigo litakaa sawa," Hoza akamjibu kabla yangu. "Springi hizi zimezoea tani. Kwa sasa hazijui hata kama kuna mtu ndani."

Tulitoka Lushoto asubuhi, mimi kwenye usukani, Hoza pembeni, na nyuma yetu tela tupu la kuazima. Hatujafika mbali nikaelewa maana ya springi kutojua kama kuna mtu. Kila tulipopita juu ya kijiwe, gari liliruka, tela likaruka baada yake, sisi tukagonga paa. Hoza alijaribu kunieleza kwamba huo ndio uimara wenyewe, lakini alijiuma ulimi kabla ya kumaliza sentensi. Kutoka Soni kuteremka, kwenye zile kona, tela lilikuwa likirukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba. Watu waliokuwa wakiuza matunda kando ya barabara walisimama kutupungia mkono. Walidhani tunafurahi.

Mombo tulisimama. Hoza alikubali, kwa ishara, kwamba gari linahitaji uzito. Tukaokota mawe makubwa kando ya barabara tukayapanga nyuma ya pikapu hadi gari likashuka kidogo, tukaendelea kama watu.

Kabla ya Korogwe trafiki alitusimamisha. Akazunguka gari, akarudi dirishani.

"Hayo mawe mnayapeleka wapi?"

"Hatuyapeleki popote, afande," nikasema.

"Mmeyabeba."

"Ni ya kulituliza gari."

Alimwangalia Hoza, ambaye ulimi wake ulikuwa umevimba na hakuweza kunisaidia. Akachukua jiwe moja, akaligeuza juani, akalilamba. Nadhani alikuwa akitafuta madini. Akalirudisha taratibu mahali pake. "Nendeni," akasema, "lakini mkirudi na mawe haya haya, mtanieleza vizuri."

Muheza tulifika mchana. Mama alikuwa ameketi barazani, amevaa tayari, na nyuma yake vijana wa mtaani walishakitoa kitanda nje kwa kukilaza ubavu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mbona gari lako linatazama chini?"

Tulilala pale. Asubuhi tukapakia. Mama alikitandikia kitanda shuka mpya nyeupe, akakifunika kwa kanga nyekundu na kukifunga pande zote ili kisishike vumbi la njiani. Na kwa kuwa mtu haendi milimani mikono mitupu, majirani walileta nazi, machungwa, kinu na mchi wake, na jiwe la kusagia. Vyote, pamoja na kitanda, vikaenda kwenye tela. Hoza, ambaye ulimi ulishapona, akasema sasa mzigo tunao, mawe ya nini? Tukayatupa, huku nikimfikiria yule trafiki. Mama aliingia garini kwa kupanda juu ya ndoo, kwa sababu gari lilikuwa juu mno, na alikataa kubebwa na shemeji wa mwanawe.

Bondeni tulikwenda vizuri. Kosa lilijionyesha tulipoanza kupanda kutoka Mombo. Kwa kuwa ndoano ya pikapu ilikuwa juu, tela lilikuwa limeinua mdomo, na kila kitu ndani kikasogea nyuma kwa kila kona. Uzito wote ulipofika mkiani mwa tela, mdomo wake ukaanza kuinyanyua pikapu. Magurudumu ya nyuma yakapoteza nguvu. Nilikanyaga mafuta, injini ikalia, matairi yakazunguka, na tukabaki pale pale. Kisha tukaanza kurudi. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Upande wa kushoto kulikuwa na korongo, na sikutaka kulitazama. Mama alishika dashibodi akawa anasoma dua moja kwa haraka sana.

Hoza aliruka nje, akasukumia jiwe nyuma ya tairi, na gari likasimama. Akarudi dirishani akiwa ameloa jasho.

"Linahitaji uzito," akasema.

"Tulikuwa nao," nikamwambia.

Mbele yetu kidogo kulikuwa na basi dogo lililoharibika, na kando yake wamesimama akina mama wa kwaya ya kanisa, wamevaa vitenge vya sare. Walikuwa wakienda kuimba harusini Soni na muda ulikuwa unawapita. Kiongozi wao, Mama Eliasi, alikuwa mwanamke mwenye mwili na sauti. Hoza aliwatazama kwa jicho ambalo, angekuwa si fundi, lingemletea matatizo.

"Mama zangu," akasema, "tunaomba tuwabebe. Wote. Tafadhali, mkae nyuma ya pikapu, mwisho kabisa."

Walipanda. Springi zilishuka, zikatoa sauti kama mtu aliyepata kiti baada ya kusimama kutwa, na pikapu ikakaa sawa kwa mara ya kwanza tangu ilipotoka gereji. Tulipanda mlima kwa utulivu ambao sijawahi kuuona katika gari langu, kwaya ikiimba, Mama akitikisa kichwa kwa mapigo ingawa yeye ni mtu wa msikitini.

Hivyo ndivyo tulivyoingia kwenye uwanja wa harusi Soni: kwaya inaimba, na nyuma yake kitanda cha mvule kimefungwa kanga nyekundu. Mshereheshaji hakuuliza kitu. Alishika kipaza sauti akatangaza, "Ndugu wageni, kwaya imeleta zawadi! Kwaya imeleta kitanda!"

Vigelegele vikapasuka. Kabla sijafungua mlango wangu, wanaume walishakata kamba na kukibeba kitanda juu ya vichwa kuelekea meza ya maharusi. Mama Eliasi alinigeukia na sufuria mbili mikononi, zawadi halisi ya kwaya, uso umemshuka. "Baba, nifanyeje? Ameshatangaza kwa spika."

Nilirudi kwa Mama. "Mama, wanakichukua kitanda."

"Nina macho. Lete ndoo."

Alishuka, akajifunga mtandio, akaingia katikati ya watu. Walidhani ni bibi wa bwana harusi, wakampisha, na mtu mmoja mwenye adabu akampa kipaza sauti. Hoza alijificha nyuma ya tela. Mimi nilifumba macho, kwa sababu namjua mama yangu.

"Bi harusi yuko wapi?" nikamsikia akiuliza.

Niliyafumbua. Msichana mwenye shela refu alikuja akapiga magoti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kitandani unalala upande gani?"

Watu wakacheka. Msichana akainama. "Ukutani, bibi."

"Hapana. Lala upande wa nje. Ukilala ukutani, mtoto akilia itabidi umruke mtu." Akakipiga kitanda kofi kama anayempiga ng'ombe wake mgongoni. "Hiki hakina msumari. Msije mkakipigilia. Nimezalia humu watoto wangu wote, yule pale mwenye tumbo ni mmojawapo."

Uwanja mzima ukageuka kunitazama, na vigelegele vikaanza upya.

Kutoka Soni hadi Lushoto tulikuwa watatu tena, bila kwaya, bila kitanda, na springi zilikuwa zimesahau tena kwamba kuna watu. Tuliruka. Nazi ziliruka. Nilimuuliza Mama kwa nini alikitoa.

"Nilikwenda kuwanyang'anya, wallahi," akasema, ameshika paa. "Nikamkuta yule binti anakipangusa vumbi kwa shela lake. La harusi! Basi nikaona aibu." Tukaruka tena. "Hili gari lina nini?"

"Limeimarishwa, Mama."

"Kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya kitanda."

Alinitazama, akamtazama Hoza, akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, na hakuacha hata tulipofika kwangu na mke wangu akatoka mbio akidhani mama mkwe analia.

Wiki ile ile Hoza alizitoa springi za lori. Alifanya kazi hiyo bila maneno mengi. Mimi safari ile ilinifundisha kwamba nilikuwa nimepanga kila kitu kwa ajili ya kitanda, na sikupanga hata mahali pa Mama kukanyaga anapopanda gari. Siku hizi analala kwenye kitanda cha kawaida chumbani kwa Salma, na mara kwa mara huenda Soni kumjulia hali bi harusi, ambaye sasa anamwita bibi na ana mimba. Kila anapotaka kwenda, huniambia nimsindikize stendi akapande basi.

"Mama, gari lipo," humwambia. "Nitakupeleka."

"Lile ni la mizigo," hunijibu, akijifunga mtandio. "Mimi ni mtu."