Bi Mwanne na Taa ya Jirani

Kwa kumbikumbi, Ntalikwa nzima ilimjua Bi Mwanne. Kichuguu cha nyuma ya nyumba aliachiwa na mama mkwe wake, na kila mvua za kwanza zikinyesha majirani walikuja na vigoda vyao kumtazama akichimba kishimo, akikizungushia matawi na khanga kuukuu, kisha akiweka kibatari. Kumbikumbi waliufuata mwanga wakaporomoka shimoni. Akawakaanga, akapepeta mabawa kwa ungo, na bakuli la kwanza akampa aliyemtaka. Mume alikuwa amekufa, watoto wako mbali; hicho ndicho kilichobaki cha kumletea watu uani.

Kisha akahamia Zuwena, mstaafu wa reli kutoka Igalula. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakuwa na kichuguu. Zuwena alisimika mlingoti wenye taa ya sola, nyeupe, kali, inayomulika mpaka vyumbani mwa watu. Mvua ya kwanza ilipokatika, kumbikumbi walitoka kwa Bi Mwanne, wakakipita kibatari chake kana kwamba hawakijui, wakaenda kuanguka wenyewe kwenye beseni la Zuwena chini ya mlingoti. Na watu nao wakahamisha vigoda.

Wivu ukamwingia Bi Mwanne. Kichuguu changu, sifa zake! Lakini angesema nini? Mdudu mwenye mabawa hana chapa ya mwenyewe, na mwanamke wa umri wake kugombea kumbikumbi hadharani ni aibu. Basi kwenye mkutano wa mtaa akasimama, akajitia kuionea huruma mbingu.

“Mwenyekiti, wazee wetu walilima kwa kuangalia nyota za Kilimia,” alisema. “Walisema, Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Leo watoto wetu wakiinua macho wanaona weupe mtupu. Nyota zimefukuzwa na taa!”

Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti Anselm akamgeukia Zuwena, akamkuta anaitikia kwa kichwa.

“Dada yangu, si ungeniambia tu?” alisema Zuwena. “Taa nitaifunika juu, imulike mlangoni pangu basi, na nikiingia ndani naizima. Leo hii naizima mapema, tuje kwako utuonyeshe hicho Kilimia.”

Hapo Bi Mwanne akawa amenaswa. Methali aliijua tangu utoto. Kilimia chenyewe hakuwahi kukiona, maana maisha yake yote, mvua zikianza, yeye alikuwa ameinama anatazama shimo.

Baada ya isha uani kwake walijaa watu kuliko msimu wowote. Taa ikazimwa. Nyota zikatokeza kwa wingi hata yeye mwenyewe akashtuka.

“Haya mama, kiko wapi?” aliuliza Anselm.

Bi Mwanne akanyoosha kidole kwenye nyota iliyong'aa kuliko zote. Wazee wakatazamana.

“Anatupima huyu!” Zuwena akacheka. Akaushika mkono wa Bi Mwanne, akausogeza taratibu upande wa mashariki, kwenye kishada kidogo cha nyota zilizobanana. “Kilimia hiki hapa. Dada alitaka kujua nani alifundishwa na babake.”

Watu wakaangua kicheko, wakamsifu Bi Mwanne kwa utani wake. Yeye alitabasamu huku moyo unamchemka. Mwanamke huyu amemchukulia kumbikumbi, amemchukulia watu, na sasa hata aibu yake, wa kumsitiri amekuwa yeye! Wivu wa kumbikumbi ulikuwa mdogo. Huu ulimnyima usingizi.

Juma lililofuata mvua ikanyesha, giza likatulia, na kumbikumbi wakakirudia kibatari kama zamani. Majirani wakarudi na vigoda. Bakuli la kwanza Bi Mwanne alilipeleka kwa Zuwena mwenyewe, kwa mikono miwili, kama haki ilivyotaka. Ila mabawa hakuyapepeta.