Jozi ya Kumi na Nne

Kwa miaka arubaini na saba, hakuna jozi ya vikwaru vya wapanda farasi iliyotoka katika karakana ya Baudilio Carreño kabla ya kupita juu ya mkono wake mwenyewe. Alikuwa akikunja shati mkono wa kushoto hadi kwenye kiwiko, akaugeuza upande wa ndani, penye ngozi laini isiyojua jua, akafumba macho, kisha akaliviringisha gurudumu la meno kwa uzito uleule ambao kisigino cha mpandaji huuwekea ubavu wa farasi. Jino likikwaruza, alirudi kwenye tupa. Yasipokwaruza yote, aligonga herufi mbili za jina lake upande wa ndani wa chuma, na kazi ikawa imekwisha.

Alifundishwa hivyo na baba yake, naye baba yake alisisitiza sana suala la kufumba macho. "Farasi hana macho ubavuni," alikuwa akimwambia. "Yeye anajua kwa ngozi tu. Na wewe jua kwa ngozi." Siku alipomkabidhi fuawe na koleo hakudai ahadi nyingine ila moja: kwamba mnyama asitoke damu kwa chuma chenye jina la Carreño.

Katika kijiji cha Los Culenes, kwenye bonde la Colchagua nchini Chile, mwanamume hakuitwa mpandaji kwa sababu ya farasi, kwani farasi mara nyingi alikuwa wa bwana shamba. Aliitwa mpandaji siku alipofunga visiginoni vikwaru vyake mwenyewe, vile vyuma vinavyochomoza nyuma ya buti kama kikwaru cha jogoo. Wenye mashamba walivaa vilivyotiwa njumu za fedha. Vibarua walivaa chuma kitupu, na wengine walikifunga juu ya mguu usio na kiatu. Enzi za mababu, magurudumu yalikuwa mapana kama sahani, hata mtu akishuka farasini alilazimika kutembea kwa ncha za vidole. Vijana walicheka waliposimuliwa hayo. Baba yake Baudilio hakucheka. Alieleza kwamba mtu aliyetembea hivyo alitaka ionekane wazi kuwa hakuzaliwa kutembea kwa miguu, na kwamba huko Hispania, vikwaru vilikotoka, muungwana aliyevunja kiapo alikatwa vikwaru vyake hadharani kwa shoka la mpishi. Heshima iliyofungwa kisiginoni, alisema, hufunguliwa palepale.

Tena vikwaru vya Los Culenes viliimba. Gurudumu lilitundikwa likiwa huru kwenye mhimili wake, na kila hatua lililia: cha kushoto kikauliza, cha kulia kikajibu. Baudilio aliipa kila jozi sauti yake, na akiwa ameinamia kazi aliweza kumwambia mkewe Rosenda ni nani anayepita njiani. Sauti hizo zilikwenda na mtu kwenye ngoma za sikukuu za Septemba, zikamfuata hata msibani. Mahali pamoja tu zilinyamazishwa, nako ni kanisani. Kila mpandaji alivifungua vikwaru vyake mlangoni na kuvitundika kwenye vigingi chini ya upenu, kwa kuwa haikuwa adabu kuingia mbele ya Mungu huku visigino vikijisifu.

Basi ikafika vuli ya mwaka wa elfu moja mia tisa sitini na mbili, zabibu zikiwa zimekwisha kuvunwa. Katika mashindano ya kijiji, kwenye uwanja wa duara ambamo wapandaji wawili wawili humkimbiza ndama na kumbana ukutani, mkaguzi alipitisha leso nyeupe ubavuni mwa farasi jike aitwaye Tenca. Leso ikatoka na wekundu. Sheria ya chama cha wapandaji haikuwa na mjadala: mpandaji anayemtoa farasi damu anashushwa. Aliyeshushwa alikuwa Nolberto Yáñez, mfunza farasi wa miaka ishirini na tisa, mtu ambaye watu walizoea kumcheka kwa kuwa aliwaamkia farasi kabla ya kuwaamkia wenye farasi. Alitoka uwanjani kwa miguu, tandiko begani. Kwenye uzio mtu mmoja akamwita mchinjaji na kumwomba amwekee kilo mbili za mbavu, na wengine wakaagiza maini.

Don Evaristo Iturbe, mwenyekiti wa chama, alitangaza kwamba baada ya Jumapili mbili wangekaa kuamua iwapo Nolberto afungiwe kushindana maisha yake yote. Bwana shamba mwenye Tenca hakungoja. Alimnyang'anya farasi siku ileile.

Jumanne Nolberto alifika karakanani. Aliweka vikwaru vyake, vyenye herufi za Carreño, juu ya meza, akavua kofia, akabaki akiizungusha mikononi.

"Don Baudilio, nimekuja unifundishe," alisema. "Sijui nilikosea wapi. Nilimgusa tu."

"Ulimgusa kwa hasira?"

"Ningekuwa na hasira ningejua. Nilimgusa kama ninavyobisha mlango wa bibi yangu."

Baudilio alikunja shati, akafumba macho, akaliviringisha gurudumu la kwanza, kisha la pili. Hakuhisi mkwaruzo wowote. Akakunjua shati bila kutazama, kama alivyozoea.

"Havina kosa," alisema.

Nolberto aliviangalia kwa muda, akatikisa kichwa polepole kama mwanafunzi aliyesahihishwa. "Basi kosa ni langu," akasema, na akaenda zake. Hakuvichukua. Alisema hana farasi wa kumvalia.

Alasiri hiyo Rosenda aliingia karakanani na shati bichi mkononi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na alipokuwa na neno alilileta likiwa limekwisha kufuliwa na kukamuliwa. Alilitandaza shati juu ya meza, mkono wa kushoto ukiwa juu, akamwonyesha madoa mekundu, membamba, yaliyopangika kama mshono wa cherehani.

"Ni ile miiba ya mferejini," alisema Baudilio. "Nimekwambia tangu mwaka jana."

"Umeniambia, nami nimeloweka mashati. Lakini niambie, mzee wangu: hiyo miiba inachuna mkono mmoja tu?"

 Rosenda akavuta kigoda, akaketi mbele yake, akamwamuru afumbe macho na anyooshe mkono. Amwambie kila atakapoguswa. Baudilio akafumba, akangoja. Alisikia maji ya chai yakichemka jikoni, akasikia kuku chini ya dirisha, akaendelea kungoja.

"Anza basi," alisema.

"Nimeshamaliza."

Alipofumbua macho aliona sindano katika vidole vya mkewe, na juu ya ngozi yake vitone vitatu vya damu vikianza kuvimba.

Alikuwa anajua, na alikuwa hajui. Ganzi ilianzia kwenye kidole cha mwisho miaka miwili iliyopita, majira ya baridi, na aliihesabu kuwa baridi tu. Ilipopanda kifundoni aliihesabu kuwa uzee. Ilipofika pale penye ngozi ya kazi yake alishangaa jinsi ambavyo vikwaru vilikuwa vinatoka laini, karibu bila kurudi kwenye tupa, na ndani ya moyo wake alijisifu kwamba hatimaye mkono umeiva. Mwanzoni jambo hilo la mwisho ndilo aliloshindwa kumwambia mkewe.

Siku kumi zilizofuata hakufua chuma. Akisema, nani angeagiza vikwaru kwa fundi asiye na ngozi? Asiposema, Nolberto angekufa akiitwa mchinjaji, na ahadi ya baba ingekuwa imevunjwa mara mbili, kwa chuma na kwa ulimi. Kulikuwa na njia ya katikati, nayo ilimjia asubuhi moja kwa utamu wa majaribu: angeviparuza vikwaru vya Nolberto kimyakimya, kisha aseme hana hakika, labda mnyama alijikwaruza uzioni. Alichukua tupa. Aliparuza jino moja, katika meno thelathini, na lilikubali upesi sana. Ndipo alipotambua kwamba akimaliza, hapatakuwa tena na mtu duniani atakayeweza kujua ukweli, hata yeye mwenyewe baada ya miaka michache. Akaiweka tupa chini.

Jumapili ya mkutano, baada ya chakula cha mchana, wanachama walikusanyika kwenye banda lililo kando ya uwanja. Don Evaristo alizungumza kwa kirefu juu ya jina jema la chama. Nolberto alisimama kando ya mlango, na alipoulizwa kama ana la kujitetea alisema hana. Baudilio akaomba nafasi. Alikwenda mezani na vikwaru vile, akakunja shati, akafumba macho, akaliviringisha gurudumu kutoka kifundoni hadi kwenye kiwiko kwa uzito uleule wa siku zote.

"Mtu mmoja aniambie kama nimetoka damu," alisema, "maana mimi sijui."

 Walikuwa wakitazama damu ikishuka kuelekea kiganjani, na uso wa mzee ukiwa umetulia kama wa mtu anayesikiliza misa.

"Haya. Naye Nolberto hakujua. Alikuja kuniuliza, nikamwambia havina kosa. Yeye hakumchoma yule farasi. Nilimchoma mimi, nikiwa nimeketi karakanani kwangu."

Nolberto alifutiwa shitaka, na baada ya wiki moja Tenca alirudishwa mikononi mwake. Watu wa uzioni waliona aibu, wakamwita Don Nolberto, kama bwana mkubwa, kwa mwezi mzima, jambo lililomkera kuliko kilo mbili za mbavu.

Lakini Baudilio hakuwa amemaliza. Alikumbuka kila jozi aliyoitoa tangu kidole kilipoanza kufa ganzi: zilikuwa kumi na nne. Alizifuata nyumba kwa nyumba, akipanda nyumbu wake mzee, akieleza na kuomba radhi, naye akasikia maneno ya kila namna. Mmoja alimbembeleza. Mwingine alimuuliza kama sasa atafua vijiko. Karakanani alikaa na tupa, na Rosenda akakunja mkono wa gauni lake, akafumba macho, akawa ndiye ngozi. "Hili bado," alikuwa akisema. "Na hili la pembeni. Sasa sawa." Jozi kumi na tatu zikarudi kwa wenyewe.

Ya kumi na nne ilikuwa ya Don Evaristo, jozi yenye njumu za fedha. Alimpokea Baudilio barazani, akampa kiti na glasi ya chicha, ile pombe changa ya zabibu, kisha akamkatalia.

"Hivi ndivyo vikwaru bora ulivyowahi kunitengenezea, fundi. Lile dume langu lilikuwa zito kama mkwe aliyealikwa kulima. Sasa linaruka kabla sijafikiri."

"Linaruka kwa maumivu, Don Evaristo."

"Linaruka. Na damu haijaonekana."

"Dume lako ni jeusi," alisema Baudilio. "Na mkaguzi hapitishi leso kwenye farasi wa mwenyekiti."

Don Evaristo alilicheka hilo, lakini kicheko hakikufika machoni. Alisema vikwaru ni mali yake, na fundi anywe chicha yake kabla haijachacha.

Baada ya hapo Jumapili zikawa nzito. Baudilio aliketi kiti cha nyuma kanisani na kuisikia jozi ile ikija kutoka mbali: cha kushoto kinauliza, cha kulia kinajibu, sauti nzuri kuliko zote alizowahi kuzitoa. Ilikoma mlangoni, ikatundikwa, na mwenye nayo akaingia akipiga ishara ya msalaba. Kila ilipolia, mzee aliinamisha kichwa, na waliokuwa karibu walidhani anasali.

Jumapili ya nne, padri alipopanda mimbarini, Baudilio aliinuka akatoka. Tupa ilikuwa katika mfuko wa koti. Rosenda alitoka nyuma yake bila kuuliza. Mzee alikwenda kwanza kwa dume jeusi lililofungwa kwenye mti uani, akapapasa ubavu, akayatenganisha manyoya. Makovu yalikuwa yamelala juu ya makovu, mengine bado mabichi. Mnyama alitetemeka ngozi nzima na kuusogeza mwili kando, ingawa kilichomgusa kilikuwa kidole tu.

Kwenye kigingi, ndani ya chuma chenye njumu, herufi zake mbili zilikuwa mahali pake. Ilimpitia fikra kwamba angeweza kuzifuta, jambo la dakika chache, na kila kitakachotokea baadaye kisiwe chake. Hakuzigusa. Aliketi kwenye benchi la upenuni akaanza na meno, jino baada ya jino, mapigo mawili na moja la kulainisha, huku mahubiri yakifuatwa na nyimbo na nyimbo zikiifunika sauti ya tupa. Rosenda aliketi kando yake, mkono ukiwa wazi. Baudilio alijua alichokuwa anakiua. Meno yakifupishwa gurudumu hupungua uzito, na wimbo wake huwa mwembamba. Mwenye navyo angejua katika hatua ya kwanza.

Kengele ilipolia alikuwa amemaliza na kuvitundika. Hakuondoka. Watu walitoka, wakavaa vyao, ua ukajaa milio. Don Evaristo alifunga kanda za vikwaru vyake, akapiga hatua, akasimama. Sauti iliyotoka ilikuwa kama ya mtoto anayejibu kwa niaba ya baba yake. Wote waliokuwepo waliijua ile jozi, na wote waligeuka.

"Nani amegusa vikwaru vyangu?"

"Mwenye herufi zilizo ndani yake," alisema Baudilio. Tupa ilikuwa bado mkononi.

Don Evaristo aliwatazama watu, akaona kwamba nao wanamtazama, na kwamba Nolberto Yáñez amekwisha kusogea kando ya dume jeusi, mkono ukiwa juu ya ubavu ule.  Alipanda, akaupiga ubavu kisigino kwa nguvu zake zote, na dume likaondoka kwa mwendo wa kawaida, kama farasi aliyeombwa. Jioni ile lilikuja neno kwamba hakuna mtu wa shamba la Iturbe atakayeagiza tena kazi kwa Carreño. Baudilio hakuwa ametarajia vingine, hata hivyo aliinamia meza ya chakula kwa kitambo, kichwa kwenye mikono.

Lakini hayo yalikuwa ya baadaye. Pale uani, watu walipotawanyika, aliushika mkono wa Rosenda na kuugeuza upande wa ndani. Palikuwa na mistari miwili mitatu myekundu, ya yale meno ya mwanzo aliyoyakosea. Alipitisha kidole chake cha mwisho juu ya mistari hiyo, polepole, akafumba macho ili aijue. Hakuhisi kitu.